Radhi ya Baba Aliyekufa: Taswira ya Seyyid Said katika Kumbukumbu za Sayyida Salme, na Pwani ya Takaungu na Malindi

Utangulizi

Katika maandishi ya kale ya pwani ya Afrika ya Mashariki, binti anayemwandika baba yake ni nadra kuonekana. Mwana Kupona binti Mshamu alimwachia bintiye wasia mwaka 1858, lakini katika utendi ule mama ndiye anayesema na binti ndiye anayesikiliza. Adabu ya nyumba za Waswahili na Waarabu wa pwani iliruhusu mzazi amwonye mwana. Mwana kumpima mzazi mbele ya watu lilikuwa jambo la kufungiwa mlango. Kwa sababu hiyo, kitabu alichokichapisha Sayyida Salme binti Said mjini Berlin mwaka 1886, kwa jina la Memoiren einer arabischen Prinzessin, kina mahali pa peke yake katika historia ya tawasifu ya eneo hili, ijapokuwa kiliandikwa kwa Kijerumani na kwa ajili ya wasomaji wa mbali.

Wasomaji wengi wa kitabu hicho wameona kwamba Salme hamlaumu baba yake hata mara moja. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman tangu 1806 na Unguja hadi kufa kwake mwaka 1856, anaonekana humo kuwa mzee mpole, mwadilifu na mcha Mungu. Kutokana na hayo huhitimishwa upesi kwamba mtazamo wa binti haukubadilika: alimpenda baba utotoni, akampenda uzeeni. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo ulibadilika, na kwamba mabadiliko yenyewe hayamo katika maneno ya hukumu bali katika kazi anayopewa baba ndani ya kitabu. Aidha, yanadai kuwa kila baba alipopewa kazi mpya, kosa lake lilibidi litwikwe kichwa cha mtu mwingine. Gharama ya kutwika huko huonekana vizuri zaidi msomaji anapokisoma kitabu kutoka Takaungu na Malindi, miji ambayo historia yake iliguswa kwa karibu na utawala wa baba huyo na wa wanawe.

Baba wa roshani

Salme alizaliwa Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkezi. Baba anayefunguliwa nalo pazia la kitabu ni mtu wa kutazamwa kwa mbali. Yuko katika roshani kubwa ya Mtoni inayoelekea bahari. Anatembea huku na huko kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyobaki mwilini tangu vitani. Mtoto anamwona na hajui anafikiri nini. Hakuna katika nyumba nzima anayethubutu kumuuliza.

Taswira hii ina ukweli wa utoto. Mtoto mmoja miongoni mwa wengi hakuweza kumjua baba wa namna hiyo kwa mazungumzo. Alimjua kwa mwendo wake, kwa ndevu zake nyeupe, na kwa saa za kumwamkia. Salme mwenyewe anahesabu kwamba Seyyid Said alipofariki aliacha masuria 75 na watoto 36. Baba alikuwa mtu wa zamu. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba msimulizi, ambaye wakati wa kuandika alikuwa mjane wa zaidi ya miaka thelathini mwenye watoto watatu, haukatizi mtazamo wa mtoto ili aseme ni mawazo gani yaliyokuwa yakimtembeza mzee yule. Kufikia wakati huo historia ilikuwa imekwisha kujibu sehemu ya swali hilo: kulikuwa na ufalme uliotandaa kutoka Ghuba hadi Rasi Delgado, wana waliogombea urithi wake kabla haujawa urithi, na Waingereza ambao kwa mkataba wa 1845 walikuwa wamembana katika biashara ya watumwa. Binti anaacha roshani ibaki roshani.

Lakini mshuhuda mwaminifu hushuhudia hata asichokusudia. Katika sura zile zile za sifa, Salme anaandika kwamba Azza binti Seif, mke halali wa Seyyid, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo ambaye bwana wa nchi mbili alimtii pasipo kubisha, hata watoto wa masuria wakaishi kwa kumwogopa. Anaandika kwamba watoto wa mama wa Kicherkezi waliitwa paka na ndugu zao wa mama wa Kihabeshi kwa sababu ya macho yao. Anaandika kwamba baba alimpa dada yake Khole kilemba cha vito, na kwamba zawadi ile ikazaa kijicho ambacho hakikupoa. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Salme ni mwosha anayemfunika baba sanda nzuri, huku mikono yake ikionyesha imegusa wapi.

Hilal na mkeka wa sala

Mahali ambapo sanda inafunuka zaidi ni habari ya Hilal. Huyu alikuwa mwana mkubwa wa Seyyid Said, na kwa kawaida ya nyumba alitazamiwa kurithi. Mwaka 1844 baba alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwamba sehemu ya Afrika itakuwa ya Khalid na Oman itakuwa ya Thuwaini, Hilal hakutajwa. Mwaka uliofuata Hilal alifika hadi London kutafuta wa kumsemea. Alifia Aden mwaka 1851.

Salme anaisimulia habari hii kama msiba wa ulevi. Kwa maelezo yake, Wakristo wa ofisi za ubalozi walimzoeza kijana yule pombe, naye akashindwa kujitoa. Khole, dada wa Hilal kwa baba na mama, anasimama kati ya ndugu na baba, akimsaidia mmoja kwa siri bila kumkosea mwingine waziwazi. Kisha inakuja picha ambayo pengine ndiyo nzito kuliko zote katika kitabu: baada ya kifo cha Hilal, mzee anaswali peke yake, na mkeka wa sala unalowa machozi.

Kwa upande mmoja picha hii inamtukuza baba, kwani inaonyesha kuwa aliyeadhibu alipenda. Kwa upande mwingine haiwezi kueleweka bila kukubali kwamba kulikuwa na jambo la kujutia. Machozi ya mtawala aliyetenda haki tupu yangekuwa ya huzuni. Haya yana harufu ya toba. Msimulizi hasemi hivyo. Badala yake lawama imekwisha kuhamishwa hadi kwa mabalozi na chupa zao. Hali kadhalika, anapozungumzia ujana wa Seyyid Said anasimulia kwa shauku ushujaa wa Bibi Moza, shangazi yake baba, aliyeilinda Muscat dhidi ya maadui na kukagua walinzi usiku kwa mavazi ya kiume. Lakini utawala ule ulipatikana baada ya Said, akiwa bado kijana, kumuua binamu yake Badr bin Seif mwaka 1806. Katika picha ya binti, ushujaa wa shangazi unang'aa na damu ya binamu haionekani.

Huu ndio utaratibu wa kitabu kizima. Azza anabeba udhaifu wa baba nyumbani. Mabalozi wanabeba ukali wake kwa Hilal. Na Barghash, kama itakavyoonekana, anabeba mengi yaliyobaki.

Kutoka babu hadi hati ya madai

Salme anaeleza katika dibaji kwamba alianza kuandika miaka tisa kabla ya kuchapisha, na kwamba aliwaandikia watoto wake, ambao hawakujua mengi juu ya asili ya mama yao. Jambo hili ni la msingi. Watoto wale walikulia Ujerumani bila baba, kwani Heinrich Ruete alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg mwaka 1870. Upande wa mama hawakuwa na mjomba wa kuwatembelea wala shangazi wa kuwaletea halua. Baba wa maandishi ya kwanza ni babu anayetengenezwa kwa wino ili wajukuu wawe na mtu. Babu wa aina hiyo hahitaji dosari.

Mwaka 1885 mambo yaligeuka. Salme alirudi Unguja chini ya ulinzi wa manowari za Kijerumani, wakati Bismarck alipokuwa akimshurutisha Barghash akubali matakwa ya Ujerumani katika bara. Alikwenda kudai mirathi yake, Barghash hakumpokea. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, mwaka ule ule ambao Uingereza na Ujerumani zilipima milki ya Sultani na kumwachia ukanda wa pwani wa maili kumi. Sasa kumbukumbu za babu zilikuwa pia hati ya mdai. Kila sifa ya Seyyid Said iliongeza uzito wa haki ya binti yake, na kila sifa hiyo ilimpima Barghash akapungua. Salme anapoikuta Mtoni imekuwa magofu, ngazi zimeanguka na bustani imemezwa na magugu, gofu lile linasimama kama ushahidi dhidi ya ndugu aliyeacha nyumba ya baba ianguke.

Hapa kuna kinaya kisichoweza kupuuzwa. Mwaka 1859 Salme, msichana wa miaka kumi na mitano aliyejifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, alikuwa katibu wa njama za Barghash dhidi ya Majid. Kitabu kinakiri majuto ya kumpinga Majid, aliyekuwa mwema kwake. Kwa ndugu hawa wawili mtazamo wa msimulizi unageuka waziwazi: mpendwa anakuwa mkosaji, na aliyekosewa anatetewa. Uwezo wa kuhukumu upya anao, basi. Kwa baba hautumii. Na bado ugomvi wa wana wale ulitokana na baba aliyeugawa ufalme kwa barua na kufa safarini baharini kabla ya kuyamaliza.

Sababu ya kutouтumia uwezo huo haiwezi kuwa mapenzi peke yake, wala siasa peke yake. Katika maisha ya pwani, mwana huishi kwa radhi ya wazazi. Asiye na radhi huhesabiwa kuwa hana pa kusimama, duniani wala akhera. Salme aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866 akiwa mjamzito, akabatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka 1867, na ndugu zake karibu wote wakamkatia mbali. Mama yake alikuwa amekufa mwaka 1859. Baba alikuwa amekufa mwaka 1856, binti akiwa na umri wa miaka kumi na miwili na bado mtoto wa nyumba. Seyyid Said ndiye mkubwa wa ukoo ambaye hakupata nafasi ya kumkana. Radhi yake ilibaki nzima kwa sababu mwenyewe hakuishi kuiondoa. Binti angeandika dosari za baba, angekuwa anaichana kwa mkono wake hati ya mwisho iliyomfunga na kwao. Barua zake zilizochapishwa mwaka 1993 kwa uhariri wa E. van Donzel, ambazo zinaeleza miaka ya upweke Ujerumani na majuto juu ya imani aliyoiacha, zinaonyesha jinsi hofu ya kukatika huko ilivyokuwa kubwa.

Yanayoonekana kutoka Takaungu na Malindi

Baba huyu huyu alikuwa na sura nyingine upande wa bara. Tangu 1828 Seyyid Said alijaribu mara kadhaa kuitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui, na Muyaka bin Haji alitunga mashairi akiwa upande wa mji uliompinga. Mwaka 1837 Mombasa ilianguka. Wakuu wa Wamazrui walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, na hawakurudi. Waliosalia walihama, tawi moja likaenda Gazi kusini, jingine likajenga Takaungu, karibu na hori ya Kilifi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufa kwake mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo huo, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1995. Humo Seyyid Said anatazamwa na uzao wa waliotolewa Ngomeni. Mzee wa roshani na mtawala wa Bandar Abbas ni mtu mmoja, lakini Wamazrui hawapewi nafasi ya maana katika taswira ya binti.

Malindi nayo ilifufuliwa baada ya baba kufa. Mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498 ulikuwa umeachwa ukawa pori. Mnamo 1861, katika enzi ya Majid, ndugu mwema wa kitabu, uliwekwa tena chini ya ulinzi wa askari wa Sultani, na mashamba ya mtama na ufuta yakafunguliwa kwa mikono ya watumwa. Uchumi huo ulitokana na mfumo uliostawishwa Unguja na Seyyid Said kwa karafuu. Salme mwenyewe anataja mashamba 45 ya baba yake. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika utafiti wake wa 1977 juu ya utumwa wa mashamba, ameiweka Malindi pamoja na Unguja na Mombasa kuwa sehemu za mfumo mmoja.

Ni katika sura ya utumwa ndipo Salme anamtetea baba kwa nguvu zaidi, ijapokuwa jina lake halirudiwi sana. Anadai kwamba mtumwa wa Mashariki hakufanana na wa Marekani, kwamba Wazungu wanahukumu wasichokijua, na kwamba ukombozi wa ghafla huleta ufukara na uzururaji. Mahali pengine amekwisha kusimulia kwamba Seyyid aliweza kupanda farasi na kwenda mwenyewe kumpongeza mtumwa aliyeoa. Hoja na kisa vinategemeana: ikiwa utumwa ni uovu, upole wa mzee yule juu ya farasi unageuka kuwa kitu kingine.

Bara ya Takaungu na Malindi inajibu kwa matendo. Katika miaka ya 1870 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakijenga makazi yao, na Fuladoyo ikawa maarufu miongoni mwa hayo; wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Mwishoni mwa 1888, mwaka ambao Salme alirudi Unguja mara ya pili bila kufanikiwa, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alikubaliana na mabwana walipwe fidia kwa watoro waliokuwa misheni, na zaidi ya watu 1,400 wakapata hati za uhuru mwanzoni mwa 1889. Mtu anayetunzwa vema hatoroki kwenda kulima msituni akiwa tayari kushambuliwa. Ieleweke pia kuwa waliowasaka watoro hao ni pamoja na Wamazrui wa Takaungu. Aliyefukuzwa na Seyyid Said alikuwa naye bwana wa watu, na binti wa Takaungu ambaye angeandika juu ya baba yake angekutana na jaribio lile lile la Salme.

Jaribio hilo linaonekana tena katika Wanawake Watatu wa Kiswahili, masimulizi ya maisha yaliyokusanywa Mombasa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1991. Bi Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika jamaa ya waungwana waliokuwa na watumwa. Bi Mishi wa Abdala alitoka katika uzao wa watumwa. Kwa kuwekwa katika jalada moja, kila simulizi inazuia nyingine isijifanye kuwa ndiyo kumbukumbu ya mji wote. Kitabu cha Salme kilikosa sauti ya pili ya namna hiyo. Msomaji ndiye anayelazimika kuileta.

Hitimisho

Imeonekana kwamba baba wa Sayyida Salme si mmoja. Kuna mzee wa roshani anayetazamwa na mtoto. Kuna babu anayewaandikiwa wajukuu yatima. Kuna mtawala mwadilifu anayeshuhudia madai ya mirathi. Na chini yao wote kuna marehemu ambaye radhi yake ndiyo mali ya mwisho ya binti. Mtazamo ulibadilika kwa kadiri binti alivyozidi kupoteza vingine. Sifa ziliongezeka pale mahitaji yalipoongezeka.

Mhakiki akisoma sifa hizo kama ushahidi wa tabia ya Seyyid Said, atakuwa amedanganyika. Akizisoma kama uongo, atakuwa hakuwasikia mwosha na maiti wake. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika kitabu hiki kilio kiko wazi juu ya mkeka wa Hilal. Yale ambayo binti hakuweza kuyaandika bila kujikata na kwao, waliyabeba wengine: waliofia Bandar Abbas, waliojenga Takaungu, waliolima mtama wa Malindi na waliokimbilia Fuladoyo. Wengi wao hawakuacha kitabu. Mwanafunzi wa tawasifu anayetaka kumjua baba huyu hana budi kuyasoma maisha yao sambamba na maneno ya bintiye, bila kumnyima binti haki ya kuitaka radhi.